Maji baridi ya khareef: namna ya kuvua pwani ya Oman usirudi na ndoo tupu

Kila ukifika mwezi wa saba, katikati ya khareef, yaani msimu wa upepo wa kusini-magharibi, jamaa zangu wa hapa Muscat wananiuliza swali lilelile kuhusu Ashkharah, mji wa wavuvi upande wa Bahari ya Arabuni, "vipi huko Ashkharah, samaki wapo?" Wapo, ila sio pale unapowatafuta. Basi wanakwenda hivyohivyo na rodi zao, wanalala huko siku mbili, wanarudi gari inanuka chambo na kwenye ndoo hamna hata changu. Mwaka huu nimeona niandike mara moja, atakayeuliza namtumia hii.

Na mi mwenyewe sijaanza nikijua. Mara ya kwanza nilikwenda mwezi wa saba, Muscat joto limepita 40, ukiendesha kama saa tatu na nusu hivi unashuka Ashkharah unatafuta sweta. Nikaingia maji ya magoti na bukta yangu, dakika kumi tu misuli ya mguu imekaza kama kamba. Sikujiuliza. Nikavurumisha popa, ile midoli ya kurukaruka juu ya maji, na samaki wa plastiki kutwa nzima, nawavuta mbio kama ninavyofanya mwezi wa nne nikitafuta kolekole, kesho yake tena hivyohivyo, hata kugongwa sikugongwa. Kulikuwa na mzee mmoja wa palepale aliyekulia Unguja, Kiswahili chake kinanishinda, kakaa kwenye kigogo ananitazama mpaka akachoka. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, hayo maji umeyashika? Nimeyashika, yana baridi. "Basi na samaki kayashika." Akanikatia kipande cha ngisi, akaniambia toa hiyo midoli, weka hiki, tupa kisha kaa kitako. Jioni ile nilipata samaki watatu, wadogo, lakini watatu.

Sasa kinachotokea ni hivi. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa upepo wa kusini-magharibi, ambao ni kusi yetu ileile ikishavuka ikweta ikapinda, unavuma sambamba na pwani kutoka Dhofar, jimbo la kusini kabisa, mpaka Ras al Hadd, kona ya mashariki ya Oman. Ungedhani utasukuma maji mbele yake tu, lakini kwa sababu dunia inazunguka, huku kaskazini ya ikweta maji ya juu yanakwenda mkono wa kulia wa upepo, na mkono wa kulia hapo ni bahari kuu. Umeshaona uji uliotulia ukapata utando, ukiusogeza utando pembeni na kijiko wa chini unatokea? Ndio hivyo, maji ya juu yaliyopigwa jua yanasogea nje, na ya chini, ya kina cha mita 100 na zaidi, yanapanda kuziba nafasi. Mwezi wa tano unakuta nyuzi 29 au 30, khareef ikikolea kule Mirbat na Hasik, pwani ya Dhofar, unapima nyuzi 20, siku nyingine chini ya hapo. Na ule ukungu na manyunyu ya Salalah, mji wa Dhofar, ambayo watu wanasafiri kilomita elfu moja kwenda kupigia picha umetokana na maji hayohayo, hewa yenye unyevu inapita juu ya bahari baridi halafu inagonga milima.

Ukizunguka Ras al Hadd kuja upande wa Sur na Muscat ni bahari nyingine kabisa, juu maji yamepita nyuzi 30, kama ya kuoga. Kwa hiyo ukisikia "Oman baharini baridi" uliza kwanza upande gani.

Na usije na hesabu za nyumbani. Kusi ya Unguja haifanyi hivi, kule sisi tuko kusini ya ikweta na maji yanasukumwa mkono wa kushoto wa upepo, yaani kuelekea pwani, ndio maana bahari inachafuka na kupoa mpaka nyuzi 25 hivi lakini hailetewi maji ya kilindini namna hii. Wavuvi wa Lamu wao neema yao kule kwenye bahari ya kaskazini ya Kenya inakuja zaidi wakati wa kaskazi. Kila pwani na upepo wake.

Haya, vifaa. Cha kwanza sio rodi, ni kipimajoto. Mi natumia cha jikoni, kile cha kupimia nyama, riali mbili tatu, na ndoo ndogo yenye kamba ya mita kumi. Chota maji, subiri dakika moja, soma, andika. Ukifika sehemu nyingine chota tena. Watu wananicheka, lakini zile ramani za joto la bahari kwenye simu wakati wa khareef zinakudanganya, maana setilaiti nyingi zinapima joto kwa kuona uso wa maji na huku wiki nzima juu ni wingu tupu, halafu zile zinazopenya wingu hazisomi vizuri karibu na nchi kavu. Unachokiona kwenye simu mara nyingi ni makisio. Ndoo haikisii.

Unachotafuta ni tofauti. Namba yenyewe haikusaidii sana, ila ukipima nyuzi 21 kwenye ncha ya rasi na 23 au 24 kwenye ghuba iliyo nyuma yake, hapo ushapata kazi, nenda ghuba. Kwenye rasi ndiko maji baridi yanakopanda kwa nguvu, nyuma ya rasi yanazunguka taratibu, yanapata jua kidogo, na dagaa na vibua wanajificha humo, wakubwa wanawafuata. Ule mstari wenyewe ambapo maji mawili yanakutana unaonekana kwa macho siku ya bahari tulivu, huku rangi hii, huku rangi ile, katikati povu na mwani. Tupa pembeni ya mstari, upande wa maji ya moto.

Halafu rangi. Hili lilinichukua miaka kulielewa. Maji yaliyopanda jana ni baridi na meupe, safi, unaona mpaka chini, na mtu anafurahi kumbe ni jangwa. Yana mbolea lakini bado hayajaota kitu. Ipe siku kadhaa za jua na utulivu, vile vimea vidogo vya kijani vinazaana, maji yanakuwa kama chai ya majani mabichi, wanakuja wanaokula vile, halafu wanaokula hao. Kwa hiyo upepo ukipiga mfululizo siku nne tano usitoke, ngoja ulegee, hesabu siku mbili tatu maji ya moto yarudi kusogea pwani, hapo washa gari. Wengi wanafanya kinyume, wanakwenda siku upepo ulipoacha asubuhi ileile.

Kuvua kwenyewe: punguza mwendo. Damu ya samaki wengi inafuata joto la maji, maji yakipoa mwili wake unakuwa mzito, hakimbizi kitu kinachopita mbio. Chambo halisi, chini, ngisi au dome aliyekatwa vipande virefu, au dagaa mzima. Ndoana ndogo kuliko ulivyozoea maana anaonja haumezi. Ukihisi kama mshipi umegusa jani tu, usivute, hesabu mpaka tano. Saa nzuri ni alasiri kuelekea magharibi, pale maji ya ufukweni yameshapata jua la kutwa, asubuhi mapema ndio baya kabisa japo nyumbani tumefundishwa alfajiri. Na mwani utakusumbua, huku mwani unaota kwa wingi msimu huu wa baridi, kule Dhofar unakuwa msitu kabisa chini ya maji, mawimbi yanaung'oa na kila ukivuta unavuta shuka. Tumia risasi nzito na tafuta vichochoro vya mchanga.

Kuna kitu kingine zaidi ya baridi, nacho ni pumzi. Tabaka la katikati la Bahari ya Arabuni ni kati ya maji yenye oksijeni kidogo sana duniani, na hilo tabaka likipandishwa mpaka kwenye kina cha pwani samaki wa chini wanakosa hewa, wanakimbilia maji mafupi. Kuna siku utawakuta wamejaa mita mbili tatu kutoka ufukweni, chewa hapo hapo, unaona ni bahati yako, na kweli utavua. Lakini ukiwakuta wanahema juujuu ya maji au wameelea, au bahari imegeuka nyekundu au ya kahawia na ina harufu, ondoka, usiokote hata mmoja. Mwani sumu upo, ule wa 2008 kuingia 2009 ulitanda Ghuba mpaka pwani ya Oman ukaua samaki wengi sana.

Boti sahau. Khareef ikikolea huku mawimbi ya mita tatu nne ni kawaida, wenyeji wenyewe wamepandisha boti zao za faiba juu ya mchanga wanashona nyavu, sasa we wa kukodi unakwenda wapi? Na kwenye majabali pia, simama nyuma kuliko unavyodhani inatosha. Mughsail, karibu na Salalah, mwezi wa saba 2022 wimbi liliwachukua watu waliopita uzio wa usalama, na hao hawakuwa hata wanavua.

Kama unataka kutoka na boti msimu huu, baki upande wa Muscat. Hapo juu maji ya moto, lakini wapiga mbizi watakwambia ukishuka mita 15 au 20 unapita kwenye ukuta, ghafla baridi. Samaki wanakaa pale mpakani. Shusha jigi, ule mdoli mzito wa chuma, mpaka chini, pandisha taratibu huku unahesabu mizunguko ya mashine ya mshipi, ukigongwa kumbuka ulihesabu ngapi, urudie palepale.

Sheria kidogo kabla hujafungasha. Kibali cha kuvulia unahitaji, hata wa kujifurahisha. Nguru amefungwa kuanzia 15 Agosti mpaka 15 Oktoba, ukimnasa mrudishe. Kamba koche anavuliwa Machi na Aprili tu. Na ile sufailah, kombe la Dhofar linaloishi kwa ajili ya haya maji baridi na mwani wake, usiliguse mpaka serikali ifungue msimu wake, ni siku chache na wazamiaji wana leseni zao.

Lakini mi nikiambiwa nichague safari moja kwa mwaka siendi katikati ya khareef, nakwenda inapokufa. Mwisho wa mwezi wa tisa kuingia wa kumi upepo unakatika, yale maji yote ya kijani yamebaki pwani na yanaanza kupata moto, na dagaa wanaingia kwa mamilioni. Kule Dhofar wanavutwa ufukweni kwa nyavu ndefu, wanaanikwa mchangani ekari na ekari kwa ajili ya ngamia na ng'ombe, harufu yake unaipata kabla hujaiona bahari. Nyuma ya dagaa wapo kolekole na jodari, na hao wameshapata joto, wana njaa, wanafukuza chochote. Ndio wakati wa popa zako.

Kwenye daftari langu ndoo ikisoma nyuzi 24 siku tatu mfululizo na ndege wanapiga mbizi karibu na pwani, naomba ruhusa kazini. Beba barafu mara mbili ya unayodhani, Muscat bado ni joto na njia ya kurudi ni ileile ndefu.