Umeacha sigara, kikoi kimeanza kubana: fanya hivi

Wengi ninaowahudumia hapa Lamu hawaogopi arosto, yaani taabu ya kukosa sigara, kama wanavyoogopa kitambi. Wamewaona wenzao walioacha wakajaa mashavu, nao wanaona heri waendelee kuvuta. Hesabu yenyewe ni hii: anayeacha sigara huongezeka kwa wastani wa kilo 4 hadi 5 mwaka wa kwanza, nyingi zikija katika miezi mitatu ya mwanzo. Wapo wasioongezeka, na wapo wanaopungua. Nikotini huua hamu ya kula na kuufanya mwili uchome chakula haraka kidogo. Ikitoka, mwili hurudi ulivyokuwa.

Hatua ya 1: Usijinyime chakula wiki unayoacha. Njaa na arosto zikikupanda pamoja, utaifuata sigara. Jipime uzito, andika, kisha jipime mara moja kwa wiki kwenye mizani ileile. Kwa sasa kazi yako ni kutovuta tu.

Hatua ya 2: Punguza kahawa nusu. Hapa watu wa barazani hunikatalia. Moshi wa sigara huchochea ini kuondoa kafeini upesi. Ukiacha kuvuta, kikombe kilekile hukaa mwilini muda mrefu zaidi, moyo ukaenda mbio, usingizi ukaruka, nawe ukadhani yote ni arosto. Na asiyelala vizuri hula ovyo kesho yake. Tena kahawa chungu haiji peke yake, huja na halua na kashata. Kama ulikunywa vikombe vinne, kunywa viwili, kwa tende moja. Halua waachie wageni. Ikiwa kahawa na sigara kwako vilikuwa kitu kimoja, kaa mbali na wanaovuta, au hamia chai ya tangawizi kwa wiki chache.

Hatua ya 3: Upe mdomo na mkono kazi. Arosto hupanda kwa dakika chache kisha hushuka. Dakika hizo tafuna iliki, tango, au embe mbichi kwa chumvi na pilipili. Kunywa maji ya ndimu yasiyo na sukari. Usikimbilie miraa: mchana itakuzuilia njaa, lakini huja na soda, na chupa moja ya mililita 300 ina sukari ya karibu vijiko vinane vya chai. Usiku utakula kwa hasira. Isitoshe, kwa wavutaji wengi ninaowajua, shada likifunguliwa sigara haiko mbali.

Hatua ya 4: Sahani. Ulimi na pua huanza kupata ladha upya ndani ya siku chache, kwa hiyo chakula kitakuwa kitamu kuliko ulivyozoea. Sikwambii uache nazi. Nani atanisikiliza Lamu? Pikia mchicha na mbaazi kwa tui jepesi, na tui zito liwe vijiko viwili vya mwisho, la kutia ladha. Samaki mchome badala ya kumkaanga. Asubuhi mahamri mawili na mbaazi yanatosha, chai isiwe na sukari nyingi. Saa ngumu ni ile ya alasiri, viazi karai na bajia zinapotoka motoni na ndiyo saa uliyozoea kuvuta. Kula tunda kabla hujapita pale.

Hatua ya 5: Tembea hasa. Kutoka Mkomani hadi Langoni ukisimama kila mlango kusalimia si mazoezi. Shika njia ya pwani kuelekea Shela, kama kilomita 3, kwa mwendo wa kuweza kuzungumza lakini si kuimba. Tazama maji kwanza; yakijaa utalowa. Lenga dakika 150 kwa wiki.

Hatua ya 6: Dawa. Chingamu au plasta ya nikotini husaidia kuacha, na huchelewesha kunenepa. Muulize mfamasia kipimo kinachokufaa. Mwenye kisukari amwambie daktari kabla ya kuacha, maana sukari yake inaweza kubadilika na dawa zikahitaji kurekebishwa.

Hatua ya 7: Mwezi wa nne. Sasa linganisha namba ulizoandika. Zikiwa zimetulia, endelea hivyo hivyo. Zikiwa bado zinapanda, punguza wali robo sahani, nafasi yake uijaze mboga, na usiku kula mapema. Linganisha tena baada ya wiki nne.