Namna ya Kutafuta Ushauri Nasaha kwa Kuchati: Mwongozo kwa Vijana

Wapo vijana wengi wasioweza kutamka jambo linalowasumbua, lakini wanaweza kuliandika. Anayeishi na familia yake katika chumba kimoja, ambamo kila simu inayopigwa husikika hadi kwa jirani, hana faragha ya kuongea. Ila akichati anaweza kueleza habari za kipigo, mimba, madeni ya kamari au mawazo ya kujiua bila aliye kando yake kujua.

Kwanza mjue unayemwandikia. Huduma ya kweli hueleza ni taasisi gani inayoiendesha, saa zake za kazi, na kama anayejibu ni mtu aliyepata mafunzo au ni programu ya kompyuta. Kama hayo hayakuelezwa, uliza kabla ya kusema lolote. Mshauri wa kweli hakuombi picha za mwili wako, hakudai fedha katikati ya mazungumzo ndipo aendelee kukusikiliza, wala hakushawishi mkutane faraghani; ukiona mojawapo ya dalili hizo, acha kuandika na umzuie.

Kama simu mnaitumia watu kadhaa nyumbani, zima arifa zinazoonyesha ujumbe kwenye skrini iliyofungwa, tumia hali fiche ya kivinjari (“incognito”, isiyoweka kumbukumbu ya kurasa ulizofungua), na ukichati kwa WhatsApp futa mazungumzo baada ya kumaliza. Lakini ujumbe wa vitisho uliotumiwa na anayekuonea usiufute, kwa kuwa huo ni ushahidi. Mwulize mshauri namna salama ya kuuhifadhi.

Kinachowashinda wengi ni sentensi ya kwanza. Hulazimiki kutaja jina lako halisi, wala kujieleza tangu utotoni. Andika unavyozungumza kila siku, hata kama ni kwa Sheng, kwani mshauri hasahihishi insha. Ujumbe kama huu unatosha kabisa: “Nina miaka 16. Mjomba ninayeishi kwake hunipiga akilewa, na leo amesema atanifukuza. Sijamwambia mtu. Sasa hivi niko peke yangu, nina kama nusu saa.” Kwa maneno hayo machache mshauri ameshajua umri wako, hatari iliyopo, kama kuna mwingine anayejua, na muda mlio nao, kwa hiyo ataingia kwenye jambo lenyewe mapema. Ukishindwa hata hayo, andika tu kwamba kuna jambo huwezi kulisema, umwachie yeye aulize.

Majibu yanaweza kukawia, pengine kwa sababu mshauri anasoma kwa makini au anamhudumia mwingine pia; kukawia huko si dalili ya kupuuzwa. Kwa kuwa haoni uso wako wala hasikii sauti yako, huenda akakuuliza waziwazi: “Je, unafikiria kujiua?” Swali hilo halimpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, huulizwa ili ijulikane unahitaji msaada kwa haraka kiasi gani, nami nakusihi ulijibu kwa ukweli.

Usiri una mipaka, na mshauri mwadilifu huitaja mapema. Nchini Tanzania, kwa mfano, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Kwa hiyo uliza tangu mwanzo: “Nikikueleza, nani mwingine atajua?” Una haki ya kupata jibu kabla ya kuendelea.

Pale hatari inapokuwa mlangoni, kuchati hakutoshi. Ikiwa umekunywa sumu, umejidhuru, au mtu anakushambulia, usingoje jibu la maandishi: mwite mtu aliye karibu, nenda kituo cha afya au piga 112. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo Kenya na Tanzania, hivyo hata bando likikatika bado unaweza kumpata wa kukusikiliza.

Kabla hamjaagana, hakikisha mmekubaliana hatua moja utakayochukua, hata kama ni kumweleza mwalimu mmoja tu. Mweleze mshauri saa ambazo ni salama kukuandikia, kisha umwulize kama mazungumzo yenu yana namba ya kumbukumbu, ili ukirudi usilazimike kusimulia yote upya kwa mtu mwingine.