Kuaminika, hoja na hisia: jinsi ninavyoandika barua ya kumshawishi mtu aliyekwisha kusema hapana

Nalipwa kuandika maneno ambayo watu wengine watayatia sahihi: barua za maombi, hotuba, maandiko ya miradi, mara mojamoja makala ya maoni. Kwa hiyo rasimu nyingi hupita mezani kwangu, na nyingi zina ugonjwa mmoja. Mwandishi ameanza kulia kabla msomaji hajajua anayelia ni nani.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 KK, alitaja njia tatu za kumfanya msikilizaji akubali: tabia ya msemaji inavyojitokeza ndani ya maneno yake, hali ya moyo anayowekwa msikilizaji, na hoja yenyewe. Wagiriki waliziita ethos, pathos na logos. Hapa nitaziita kuaminika, hisia na hoja. Walimu wengi wa balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, huzifundisha kama vitu vitatu vya kuchanganya kwa kipimo sawa. Sikubaliani nao. Msomaji akishakushuku, hoja yako nzuri anaiona ujanja na machozi yako anayaona mtego. Kuaminika kunatangulia, viwili vingine vinasimama juu yake.

Mfano nitakaoutumia ni wa kubuni, ndio ninaoupeleka darasani. Wasomaji wa maktaba moja wanataka isifungwe saa 11 jioni, iendelee hadi saa 3 usiku. Rasimu yao ya kwanza ni hii:

"Sisi wasomaji tunasikitishwa sana na utaratibu wa kufunga maktaba saa 11 jioni. Ni jambo lisilovumilika na linaloua ndoto za vijana. Kila mtu anajua umuhimu wa elimu. Tunaitaka kamati ibadilishe utaratibu huu mara moja."

Hakuna uongo hapo. Hakuna pia kitu cha kumfanya mjumbe wa kamati ainue kalamu.

Hatua ya 1: Andika "hapana" ya msomaji wako

Kabla ya sentensi ya kwanza ya barua, chukua karatasi nyingine uandike jibu la kukataa utakaloletewa. Liandike kwa lugha yake yeye, na uliandike vizuri kiasi kwamba angekuwa tayari kulitia sahihi. Kwa maktaba yetu, jibu hilo ni kama hivi: "Tulishawahi kufungua jioni. Watu hawakuja. Mlinzi na mhudumu walilipwa kwa kukaa bure, na bajeti haijaongezeka."

Sasa rudi kwenye rasimu. Je, imegusa hata neno moja la hapo? Hakuna. Imemweleza mtu umuhimu wa elimu, mtu ambaye anaendesha maktaba.

Angalia pia aina ya hapana uliyo nayo. Kuna asiyeweza, kuna asiyetaka, na kuna anayeogopa lawama. Huyu wa tatu ndiye ninayekutana naye zaidi, na ndiye anayeeleweka vibaya zaidi. Mwenyekiti aliyewahi kuumbuliwa na jaribio lililoshindikana hahitaji kuambiwa jambo lenu ni jema. Anahitaji njia ya kujaribu tena bila kuonekana mjinga. Ukishalijua hilo, ombi lenyewe linabadilika: huombi tena utaratibu wa kudumu, unaomba wiki 8 za majaribio.

Hatua ya 2: Kubali linalokuuma, tena mapema

Tarehe 20 Aprili 1964, Nelson Mandela alisimama kizimbani mjini Pretoria katika kesi ya Rivonia, ambamo yeye na wenzake walishtakiwa kwa hujuma dhidi ya serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini, akikabiliwa na uwezekano wa kunyongwa. Alianza kwa kusema kwamba ni mshtakiwa wa kwanza, kwamba ana shahada, na kwamba aliwahi kufanya kazi ya uwakili Johannesburg pamoja na Oliver Tambo, mwanaharakati mwenzake. Hadi hapo ni wasifu wa kawaida. Lakini papo hapo akaongeza kwamba ni mfungwa anayetumikia miaka 5 kwa kuondoka nchini bila kibali na kuchochea watu wagome. Baada ya muda mfupi akasema kwamba baadhi ya yaliyoelezwa mahakamani ni kweli na mengine si kweli, na kwamba hakani kupanga hujuma.

Tazama alichokifanya. Shahada na kifungo vimekaa jirani, kwa sauti ileile. Mtu anayekubali shtaka zito bila kulazimishwa amejipatia haki ya kusikilizwa anapokana jingine. Ndiyo maana baadaye, alipoeleza kwamba yeye na wenzake walipima njia nne za kupambana, yaani hujuma, vita vya msituni, ugaidi na mapinduzi ya wazi, wakachagua ya kwanza kwa sababu haikulenga kuua watu, maelezo yale yalikuwa na mahali pa kusimama. Na maneno ya mwisho, kwamba yuko tayari kufa kwa ajili ya ndoto yake ya jamii huru, yalikuja baada ya masaa ya maelezo. Angeanza nayo, yangekuwa majigambo.

Aristotle aliigawa sifa hii ya kuaminika mara tatu: msemaji aonekane anajua anachosema, ni mwadilifu, na anamtakia msikilizaji mema. La kwanza waandishi hulipata kwa urahisi, hutaja vyeo na miaka ya uzoefu. La pili hupatikana kwa kukiri. La tatu ndilo linalosahaulika, na hupatikana kwa kuonyesha kwamba umeuona mzigo wa msomaji wako.

Kwenye barua ya maktaba, sentensi ya kwanza ikawa hii: "Mara ya mwisho mlipofungua jioni, tuliomba sisi, na wengi wetu hatukuja." Darasani watu huguna wakiisikia. Wanaona ni kujichongea. Lakini jambo hilo kamati inalijua tayari. Swali ni nani atalitamka kwanza.

Tahadhari ndogo: kukiri si kujidhalilisha. "Samahani kwa kuwapotezea muda wenu wa thamani" haikiri chochote. Ifute.

Hatua ya 3: Tafuta kauli iliyonyamaza

Hoja za maisha ya kawaida karibu zote zina kauli moja isiyosemwa. "Maktaba ifunguliwe usiku kwa sababu wasomaji wengi wanafanya kazi mchana." Kilichonyamaza hapo ni nini? Kwamba mtu aliyefanya kazi mchana kutwa atakuja usiku. Na hicho hasa ndicho kamati isichokiamini!

Kanuni yangu ni kwamba ushahidi upelekwe kwenye kauli iliyonyamaza. Waandishi wengi hurundika ushahidi pale ambapo hakuna anayebisha: takwimu za umuhimu wa kusoma, nukuu za wakubwa, historia ya maktaba duniani. Wasomaji wetu wa mfano walihitaji kitu kimoja tu, kusimama mlangoni baada ya saa 11 na kuhesabu. Kwa hiyo katika rasimu mpya wamehesabu kwa siku 10 za kazi, wakapata watu 143 waliofika na kukuta pamefungwa. Kisha wakaongeza: "Huenda baadhi tuliwahesabu zaidi ya mara moja." Sentensi hiyo inapunguza ukubwa wa namba na kuongeza uzito wake.

Ila usidhani namba zinajitosheleza. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba wanawake waliojifungulia katika wodi ya madaktari na wanafunzi wao, ambao walitoka kupasua maiti wakaja moja kwa moja kuzalisha, walikufa zaidi kwa homa ya uzazi kuliko wale wa wodi ya wakunga. Aliagiza watu wanawe mikono kwa maji yenye klorini. Mwezi Aprili vifo katika wodi ile vilikuwa asilimia 18.3, Juni vikawa 2.2, Julai 1.2. Ungetaka hoja gani zaidi ya hiyo? Hata hivyo wakubwa wengi wa tiba hawakumkubali. Zilikuwapo sababu za kisayansi, kwani nadharia ya vijidudu ilikuwa bado. Lakini alichelewa kuandika, kitabu chake kilitoka mwaka 1861, na alipopingwa alitoa barua za wazi akiwaita wenzake wauaji. Fikiria ombi lililomo ndani ya hoja yake: daktari akubali kwamba mikono yake mwenyewe ndiyo iliyoua wagonjwa wake. Kukubali jambo kama hilo kunahitaji mlango wa kutokea kwa heshima. Yeye aliufunga.

Hatua ya 4: Hisia moja, kitu kimoja

"Inasikitisha" si hisia. Ni amri kwa msomaji kwamba asikitike, na msomaji hapendi kuamrishwa. Hatua hii naanza kwa kufuta: lisilovumilika, la kutisha, la kihistoria, sana sana. Kinachobaki ni tupu, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Jiulize unataka msomaji ahisi nini hasa. Huruma? Aibu? Fahari? Hofu ya kupoteza kitu? Kila moja ina njia yake. Kwa kamati ya maktaba mimi nisingechagua huruma. Ningechagua fahari, kwamba wanacho kitu ambacho watu wanakifuata hata kikiwa kimefungwa. Nikishachagua, natafuta kitu kimoja kinachoonekana kwa macho. Waliohesabu mlangoni waliona mengi, nikawauliza: nani mnamkumbuka? Wakataja msichana aliyekuwa akikaa kwenye ngazi za nje, chini ya taa ya ulinzi, na kila baada ya kurasa chache akisogea kwa sababu kivuli cha kichwa chake kiliangukia kitabu. Basi. Hakuna ndoto iliyouawa hapo, kuna kivuli tu kinachomhamisha mtu.

Kuna utafiti unaofaa kukumbukwa hapa. Mwaka 2007, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu walipewa dola 5 na kuombwa wachangie msaada wa njaa. Walioonyeshwa mtoto mmoja walitoa wastani wa dola 2.38. Walioonyeshwa takwimu tu walitoa 1.14. Walioonyeshwa mtoto pamoja na takwimu walitoa 1.43. Takwimu zilipokaa pembeni ya mtoto, zilimpoza. Kwa hiyo namba na msichana wa kwenye ngazi siwaweki katika aya moja.

Mahali pa kuiweka hisia ni suala la pili, na ni gumu kuliko la kwanza. Aprili 1963, Martin Luther King Jr., kiongozi wa kupigania haki za watu weusi Marekani, aliandika barua akiwa gerezani Birmingham, akiwajibu viongozi wa dini 8 waliosema maandamano ya kupinga ubaguzi wa rangi mjini humo hayakuwa ya busara wala wakati wake haukufika. Barua ni ndefu, na sehemu kubwa ni hoja tulivu. Anaanza kwa kuwapa heshima, anaeleza kwa nini yuko pale, anapanga hatua walizopitia. Inapofika zamu ya kujibu neno "subirini", ndipo inakuja sentensi moja ndefu isiyotaka kuisha, na ndani yake yumo binti yake wa miaka 6 anayeuliza kwa nini hawezi kwenda kwenye bustani ya michezo aliyoiona kwenye tangazo la televisheni, bustani iliyofungwa kwa watoto weusi. Msomaji anayeisoma analazimika kusubiri mwisho wa sentensi, na anachoka. Hisia ile ndiyo jibu la hoja ya wapinzani wake, imewekwa palepale hoja hiyo iliposimama. Ingekaa ukurasa wa kwanza ingekuwa pambo.

Hatua ya 5: Panga, kisha omba kidogo

Hii ndiyo rasimu ya pili ya maktaba:

"Mara ya mwisho mlipofungua jioni, tuliomba sisi, na wengi wetu hatukuja. Tunajua kwamba gharama ya mlinzi na mhudumu ilibaki kwenu.

Safari hii tumeanza kwa kuhesabu. Kwa siku 10 za kazi tulisimama mlangoni kuanzia saa 11 hadi saa 1. Watu 143 walifika na kukuta pamefungwa. Huenda baadhi tuliwahesabu zaidi ya mara moja.

Mmoja wao hakuondoka. Alikaa kwenye ngazi, chini ya taa ya ulinzi, akisoma, akisogea kila kivuli chake kilipoangukia ukurasa.

Tunaomba jioni 2 kwa wiki, kwa wiki 8. Tutaweka daftari la mahudhurio, na watu wakiwa chini ya 10 kwa jioni, tutaandika wenyewe barua ya kusitisha."

Sentensi ya mwisho ndiyo niliyoihangaikia kuliko zote. Inampa mwenyekiti mlango wa kutokea, na lawama ya kushindwa inahamia kwa waombaji.

Hatua ya 6: Isome kwa jicho la adui

Mpe rasimu mtu asiyekubaliana nawe, pamoja na kalamu. Mwambie aweke nukta mahali popote alipohisi anasukumwa. Usimuulize kama ameipenda.

Nukta hizo ndizo zinazonisaidia kuamua mpaka wa uhalali pia. Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Hawakusema nani anashughulika na nyoka akishatoka. Kipimo changu ni hiki: msomaji akijua jinsi nilivyokipata na kukichagua kitu hiki, atazidi kuniamini au ataniacha? Msichana wa kwenye ngazi anapita iwapo kweli alikuwepo. Msichana aliyeombwa akae pale ili apigwe picha hapiti, hata kama wengine 142 ni wa kweli.

Rasimu ya kwanza ilipopita kwa mtu wa kalamu, nukta zilijaa hadi pambizoni. Ya pili ilirudi na nukta moja tu, juu ya sentensi niliyokuwa nimeibandika baada ya ile ya msichana na kivuli: "Yeye ndiye mustakabali wetu." Niliifuta, ndiyo maana hukuiona hapo juu.