Jinsi ya kujiandaa na 21 ya Kili ukiwa unaishi Dar, hasa wewe unayekimbia haraka kila siku

Toka mkimbiaji wetu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo Septemba 2025, ile ya kumpita Mjerumani hatua za mwisho kabisa wote wakaandikiwa 2:09:48, kila ninayekutana naye ufukwe wa Coco asubuhi anataka kwenda Moshi "kupiga 21", yaani ile nusu marathoni ya kilomita 21 kwenye mbio za Kilimanjaro. Safi sana, karibuni. Ila ukiwaangalia wanavyokimbia unaona kabisa wengi wataishia kutembea, na sio kwamba ni wavivu, hapana, wanajituma kupita kiasi. Jumanne wanachomoka, Alhamisi wanachomoka, Jumapili ndo usiseme, kila siku wanarudi home wamekata moto halafu baada ya mwezi goti linauma na raba zinaishia uvunguni.

Kwahiyo kabla ya mambo ya saa na viatu, shika hili moja, mazoezi yako mengi yanatakiwa yawe ya taratibu, taratibu mpaka uone aibu kidogo. Wakenya wa Iten wenyewe, kule wanakofanyia mazoezi wakimbiaji wakubwa, ambao huwawezi na mimi siwawezi, siku zao nyepesi wanaanza mwendo wa polepole ambao hata wewe ungeweza kuwafuata kilomita ya kwanza. Sisi wa Dar ndo tunataka kila siku iwe fainali.

Taratibu kiasi gani sasa? Unakumbuka mchakamchaka shule ya msingi, mmoja anaimbisha huku anakimbia na wengine mnaitikia? Spidi ni ile ile. Ukiweza kuimba ubeti mzima na ukajiitikia mwenyewe bila kuhema uko sawa, ukishindwa punguza, na kama kupunguza maana yake ni kutembea dakika moja basi tembea, hakuna polisi. Jogging klabu za Temeke na Mbagala wanalijua hili bila saa ya GPS, Jumapili wanatoka na filimbi na nyimbo wanakata kilomita kibao, na mle ndani kuna wazee na kina mama wenye miili yao na wote wanarudi salama. Sababu yake ni kwamba pumzi inakuja haraka, wiki chache tu unajiona simba, lakini kano na mifupa vinajengeka polepole sana, inachukua miezi. Hapo katikati pumzi inakudanganya uongeze spidi wakati miguu haijawa tayari, ndo unaanza kusikia muundi unauma kila ukikanyaga.

Ratiba. Mbio huwa Jumapili, mwishoni mwa Februari au hapo karibu. Kama saa hizi unaweza kukimbia kilomita 5 bila kusimama, anza Novemba mwanzoni, inatosha. Kama 5 haziendi, anza Agosti kwa kuchanganya, dakika moja unakimbia mbili unatembea, kisha unageuza polepole mpaka kukimbia kunazidi kutembea. Siku nne kwa wiki zinamtosha mtu mwenye kazi na foleni zake za Mwenge: mbili za kawaida za dakika 40 hivi, moja ya kilima (naifikia), na moja ndefu wikiendi. Hiyo ndefu ndo mama wa yote. Anza na kilomita 8, ongeza moja au mbili kila wiki, kila wiki ya nne ipunguze mwili upumue, na ikifika 18 au 19 inatosha, usijipime na 21 kamili nyumbani. Ndefu ya mwisho iwe wiki tatu kabla ya mbio, baada ya hapo unashusha tu. Wiki ya mwisho utajisikia mzito na utaingiwa na wasiwasi kwamba mazoezi yamepotea, hayajapotea, kaa utulie.

Na hiyo siku ndefu ikimbie taratibu kuliko zote. Kuna watu wanaifanya iwe mashindano ya Strava, ile app ya kuonyeshana mazoezi, anataka washkaji waone 5:30 kwa kilomita, halafu siku ya mbio yenyewe hana kitu.

Joto la Dar sasa. Desemba na Januari hapa ni mateso na tatizo kubwa zaidi ya jua ni unyevu, jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipoozi mwili, kwahiyo moyo unadunda zaidi kwa mwendo ule ule kwa sababu damu nyingine imeenda kwenye ngozi kutafuta ubaridi. Usishangae spidi ya Juni haipatikani Januari, wala usiilazimishe. Toka saa kumi na moja alfajiri, ikishindikana nenda jioni jua likizama. Kimbia upande wa kulia wa barabara, gari zinazokuja uzione usoni, vaa kitu cheupe au cha kung'aa maana bodaboda wa muda huo wengine hawana hata taa, na dada zangu msitoke peke yenu giza lile, tafuta wenzako wawili watatu au jiunge na klabu. Mbwa wakikutokea acha kukimbia, tembea, wengi wanapoteza hamu.

Kuna jambo la Ramadhani pia, miaka hii imeshuka mpaka Februari kwahiyo inagongana na mwisho wa maandalizi au na mbio zenyewe. Wanaofunga wengi ninaowajua wanakimbia muda mfupi kabla ya futari, dakika 30 hadi 40 mwendo mwepesi ili ukimaliza maji yawe karibu, au baada ya tarawehe. Ndefu usiifanye mchana na funga. Na kama mbio zimeangukia katikati ya mfungo, mbio za kilomita 5 zipo, 21 zitakuwepo mwaka kesho pia.

Haya, kilima. Hapa ndo watu wa Dar tunapigwa, sababu njia ya Kili haifanani kabisa na Barabara ya Toure. Mnaanzia pale uwanja wa Ushirika, Moshi mjini, mita 800 na kitu juu ya bahari, halafu mnapandisha barabara ya kuelekea Mweka katikati ya migomba na kahawa, karibu nusu nzima ya kwanza ni kupanda. Sio mlima wa kukuvunja, ni ule mpando mlaini usioisha, ambao kwa macho unaona kama tambarare ila miguu inakataa. Kisha mnageuza na kurudi mkishuka mpaka uwanjani. Mtu akisikia "kurudi ni mteremko" anafurahi. Subiri.

Daraja la Tanzanite ni zuri kwa picha na upepo, mlima siyo. Nenda pale Mlimani chuo kikuu, au Goba, au kama una usafiri wikiendi nenda upande wa Pugu na Kisarawe. Mara moja kwa wiki tafuta mpando wa kukimbia dakika mbili hadi tatu, panda kwa hatua fupi, mikono ifanye kazi, macho mbele usitazame miguu, rudia mara nne mwanzoni na baadaye sita au nane. Mpaka hapo wengi wanajua. Wanachokosea ni kushuka, wanashuka wakitembea wakiongea na simu. Shuka ukikimbia! Unaposhuka paja linafanya kazi ya kukufungia breki kila hatua, msuli unavutwa huku umekaza, na hiyo ndo inauchana chana kwa ndani na kukufanya kesho kutwa ushindwe kukaa chooni. Habari njema ni kwamba msuli unajifunza haraka, ukishauteremsha mara kadhaa kwenye mazoezi, safari nyingine hauumii vile tena. Anza kidogo, kwa mwendo wa kujizuia, hatua fupi za haraka haraka, mwili uegemee mbele kidogo kufuata barabara, usitupe kisigino mbele kujifungia breki. Kama wewe ni mvivu wa kufuata ushauri, fuata huu mmoja wa kushuka mengine acha.

Viatu. Raba mpya ya kukimbia dukani ni bei ya kodi ya chumba, kwahiyo wengi tunaenda mitumba, Karume au Tandika, na hakuna ubaya ukijua kuangalia. Usidanganywe na weupe, jamaa wanaosha na kupaka rangi soli mpaka inang'aa. Iweke juu ya meza tambarare uitazame kwa nyuma, ikilala upande mmoja rudisha, mwenye nayo alikuwa anakanyagia huko na wewe utalazwa huko huko. Bonyeza lile sponji la soli kwa dole gumba pembeni, liingie na lirudi, likiwa gumu au lina mikunjo mingi ya kulala limeshakufa hata kama juu inapendeza. Toa soli ya ndani uone kama kuna shimo la kisigino cha mtu. Ikunje, inatakiwa ikunjike pale penye vidole, ikikunjikia katikati ya unyayo achana nayo. Nusa, harufu kali ya gundi maana yake soli ilishabanduka ikabandikwa. Na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba, maana miguu inavimba na ule mteremko wa Mweka unasukuma vidole mbele, ukibana unarudi Dar na kucha nyeusi. Usinunue wiki ya mbio, ikimbilie angalau mwezi.

Tisheti ya pamba inakunywa jasho na kuwa nzito, tafuta jezi nyepesi. Mafuta ya mgando paka mapajani, kwapani na wanaume kwenye chuchu, mtaniambia. Kina dada sidiria ya michezo inayoshika vizuri ni muhimu kuliko kiatu, nyinyi mnajua zaidi.

Chakula sitaongea sana. Kula unachokula siku zote, wali, ugali, viazi, ndizi. Usiku wa kuamkia mbio sio wakati wa kujaribu mtori wa ugenini au nyama choma ya pilipili. Asubuhi masaa mawili kabla kula kitu chepesi, mkate na chai au uji na ndizi mbivu, kitu ulichokijaribu kwenye zile ndefu. Maji kunywa ukisikia kiu, usijijaze lita tatu kwa woga, maji mengi kupita kiasi yanapunguza chumvi mwilini na ni hatari kweli. Ukiwa mtu wa jasho jingi tengeneza yale ya nyumbani, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta juu. Na jamani diklofenaki za kumeza kabla ya kukimbia "ili nisisikie maumivu" acheni, jua, kukaukiwa maji na dawa hizo kwa pamoja ni mzigo mkubwa kwa figo.

Safari yenyewe, Dar hadi Moshi ni siku nzima kwenye basi, nenda Ijumaa, ukienda Jumamosi utakimbia na miguu iliyovimba. Chumba weka mapema mno maana wikiendi ile Moshi inajaa na bei zinapanda. Chukua namba yako mapema pia, usisubiri foleni ya mwisho.

Siku ya mbio alfajiri kuna kaubaridi, muziki unapigwa, watu wanarukaruka, na ukipigwa tu mlio wa kuanza utaona umati unachomoka kama jero limeanguka. Waache waende. Ule mpando wote ukimbie kwa kusikiliza pumzi, saa usiiangalie, kwa sababu kilomita moja ya kupanda inaweza kuzidi ya Dar kwa dakika nzima na ni sawa tu. Ile imba na ujiitikie inafanya kazi mpaka kule juu, ukishindwa kusema hata "asante" kwa watoto wanaokushangilia pembeni umezidisha. Kwenye meza za maji tembea hatua ishirini unywe vizuri, kichomi kikikubana punguza mwendo, pumua nje kwa nguvu, kinaachia. Ukigeuza, kilomita ya kwanza ya kushuka jizuie bado, halafu achia. Hapo ndo utawakuta waliochomoka, wengine wamekaa pembeni wanakanda mapaja. Kilomita tatu za mwisho jua limeshatoka kweli kweli na mjini hakuna kivuli cha migomba, hapo ni kichwa tu.

Muda? Kama Dar unakimbia 10 kwa dakika 65 bila kufa, tegemea masaa mawili na nusu hivi, mara ya kwanza usidai zaidi.

Ukimaliza usikae chini papo hapo, tembea tembea dakika kumi, kunywa, kula, badili nguo yenye jasho. Usipande basi siku hiyo hiyo, lala, ondoka Jumatatu, na likisimama Korogwe shuka unyooshe miguu hata kama huna njaa. Ngazi za basi shuka kinyumenyume ukishika chuma, konda atacheka ila paja linakushukuru. Wiki ya kwanza tembea tu au ogelea kama uko karibu na maji, wiki ya pili rudi na zile dakika 40 zako za mchakamchaka, na kilima kisubiri mpaka uweze kuchuchumaa bila kushika ukuta.