Namna ya kutunza nyama ya kuku isioze, bila kumjaza kuku dawa

Mwaka wa nne wa biashara yangu ya kuku hapa Tandika, mfugaji niliyezoea kuchukua mzigo kwake aliniletea broila 80, wazuri, vifua vimejaa. Akaniambia, "Dada, hawa nimewapa OTC, ile antibayotiki ya oksitetrasaiklini, siku mbili mfululizo kabla ya kuwapakia. Nyama yake haiharibiki upesi, hata friza usihangaike nayo." Nikamwamini. Nilichinja, nikauza 28, waliobaki nikawapanga kwenye friji ya kawaida nikisubiri vijana wa chipsi kuku waje Jumamosi.

Siku ya tatu nilifungua friji, nikainua bawa la kuku wa kwanza. Kidole kikateleza kwapani kama nimeshika sabuni iliyolowa. Harufu ya kwanza kunijia haikuwa uvundo, ilikuwa utamu fulani, kama embe lililoiva likapitiliza. Uvundo ulikuja nyuma yake. Nilitupa kuku 52.

Ile imani kwamba dawa inahifadhi nyama bado nakutana nayo kwa wafugaji na kwa wauzaji wenzangu, na inaniuma, kwa sababu inaharibu nyama na inaharibu dawa pia.

Bakteria wanaoozesha kuku ndani ya friji kwa kawaida ni wa jamii ya sudomonasi. Hawa baridi hawaiogopi. Kwenye nyuzi 4 wanaendelea kuzaana, polepole lakini bila kupumzika. Ule utelezi na ile harufu huja wakishafika kati ya milioni 10 na milioni 100 kwenye eneo la sentimita moja ya mraba, kwa hiyo ukishanusa, wameshajaa siku nyingi. Na kwa maumbile yao tu wana usugu: ngozi yao ya nje dawa haipenyi kirahisi, na ikipenya wana vipampu vidogo vya kuisukuma itoke. Ukimpa kuku dawa usiku wa kuamkia kuchinjwa unaua bakteria wanyonge, unawaachia sugu ngozi nzima. Tena hawakai na usugu wao peke yao. Wanapeana vipande vya vinasaba, hata na bakteria wa jamii nyingine, wakiwemo E. koli wanaoishi matumboni mwetu.

Jambo hili lilishajaribiwa mbali kwa mapana. Mwaka 1955 Marekani iliruhusu kuku waliochinjwa kuchovywa kwenye maji yenye klorotetrasaiklini, antibayotiki ya ukoo mmoja na OTC, ili wakae siku nyingi dukani. Bakteria na hamira wa machinjioni wakaizoea dawa ile, na mwaka 1966 ruhusa ikaondolewa. Nilisikia habari hii kwa daktari wa mifugo kwenye semina, na mpaka leo mfugaji akiniletea hoja ya OTC ndiyo ninayompa.

Sasa nifanyavyo. Kazi inaanzia bandani kwa mfugaji. Simnunulii mtu asiye na daftari. Nataka kuona vifaranga waliingia lini, chanjo ya mdondo na ya gumboro walipata lini, na dawa ya mwisho ilikuwa ipi na tarehe ngapi. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuchinja, zimeandikwa kwenye chupa au pakiti. Nasoma mwenyewe, nahesabu kwa vidole mbele yake. Siku hazijatimia, nawaacha hao kuku wakae. Mwanzoni wafugaji walininunia, wakaniona najidai. Siku hizi wawili kati yao wananipigia simu kabla sijauliza. Kuna mmoja alikuwa anawapa kuku antibayotiki kila aliposikia mdondo umeingia mtaa wa pili. Mdondo ni kirusi, antibayotiki haimfanyi kitu. Kinga yake ni chanjo, na chanjo ni nafuu kuliko zile chupa alizokuwa ananunua.

Usiku wa kuamkia kuchinja kuku wanyimwe chakula kwa saa 8 hadi 12, maji waachiwe. Utumbo ukiwa mtupu haupasuki ovyo.

Maji ya kunyonyolea yasichemke. Nyuzi 60, dakika moja hivi, inatosha. Kipimajoto cha jikoni nilikinunua Kariakoo na kimeshajilipa mara nyingi. Maji yakichemka ngozi inaiva, inachanika ukinyonyoa, na bakteria wanapata pa kujificha. Maji yale nayabadilisha kila baada ya kuku 15, kwa sababu kinyesi cha wa kwanza kinamwogesha wa mwisho.

Kwenye kupasua ndipo mzigo mwingi unapoharibikia. Kata mduara kuzunguka tundu la nyuma, kisu kiende juu juu, kisizame. Ingiza mkono, shika firigisi, vuta taratibu vyote vitoke pamoja. Utumbo ukipasuka, kata ile sehemu iliyochafuka uitupe. Usifute na kitambaa. Kile kitambaa kinachoning'inia begani kwa kijana wa kunyonyoa ndicho adui mkubwa wa banda lolote la kuku: anafuta kisu, anafuta meza, anafuta jasho, anarudi kufuta kuku. Mimi nimekiondoa kabisa. Tuna ndoo ya maji ya sabuni na ndoo ya maji safi ya kusuuzia.

Mwenye kidonda asiguse kuku. Kijana wangu alijikata kidole, akapewa amoksilini kwenye duka la dawa, kidole kikazidi kuvimba. Hospitali wakapima usaha, wakakuta bakteria sugu kwa dawa tatu. Alikaa wiki tatu nyumbani, nami nikimlipa, maana aliumia kazini kwangu.

Baada ya hapo ni baridi, na baridi haitaki ubahili. Hapa Dar mchana joto linafika nyuzi 32, na kuku aliyetoka kuchinjwa ana joto lake mwenyewe. Mimi nina deli kubwa mbili. Naweka barafu iliyopondwa kilo moja kwa kila kilo ya kuku, naongeza maji safi mpaka kuku waelee, nawageuza kila baada ya muda. Barafu lenyewe litengenezwe kwa maji unayoweza kuyanywa. Kuku wa kilo moja na nusu anachukua kama saa moja na nusu kupoa hadi ndani. Kuhakikisha, nachoma kipimajoto kifuani penye nyama nene: kikisoma nyuzi 4 natoa, naning'iniza maji yachuruzike, ndipo nafungasha. Ukifungasha kuku ana maji unawatengenezea sudomonasi kitanda.

Friza usiijaze kuku wa moto. Nje wataganda, ndani watabaki na joto, na wale uliowagandisha jana wataanza kuyeyuka. Poza kwanza kwenye barafu, kisha panga safu moja moja. Kwenye friji ya kawaida kuku mbichi mpe siku 1 au 2, asizidi hapo. Anayetaka kukaa zaidi ni wa friza, nyuzi 18 chini ya sifuri. Ila kumbuka kugandisha kunawasimamisha bakteria, hakuwaui wote. Akiyeyuka wanaamka.

Umeme ukikatika usifungue mlango kuchungulia. Friza iliyojaa inahimili kama saa 48 ikiwa imefungwa, iliyojaa nusu ni kama saa 24. Mimi naacha ndani kikombe cha maji yaliyoganda, juu yake sarafu ya shilingi 100. Nikirudi safari nikakuta sarafu imezama chini ya kikombe, najua umeme ulikatika nikiwa sipo, barafu likayeyuka likaganda tena. Mzigo huo siuzi, hata ukionekana mzuri.

Ukienda kununua, inua bawa. Kwapani na kwenye ngozi ya shingo ndiko kuozea kunakoanzia. Paguse, nusa kidole. Kuku aliyeoshwa kwa ndimu na chumvi kabla ya kuuzwa mwogope, ndimu ni kiungo kizuri lakini pia inaficha harufu. Na pua haikutoshi. Salmonela na kampilobakta, bakteria wanaoleta kuharisha, hawanuki. Kuku mwenye harufu safi kabisa anaweza kuwa nao, wawe sugu au wasiwe.

Kuna mama mmoja mteja wangu aliogopa kabisa kula kuku aliposikia habari za usugu. Nilimwambia, mama, usugu ni wa dawa, si wa moto. Bakteria sugu na asiye sugu wote wanakufa nyama ikifika nyuzi 70 katikati, pale karibu na mfupa wa paja. Hatari iko kabla ya jiko: ukimwosha kuku kwenye sinki maji yanaruka mpaka kwenye vikombe, na ukikata kachumbari kwenye kibao kilekile unakula bakteria wangali hai. Kuku wangu nimeshamwosha, mtoe kwenye mfuko aende moja kwa moja kwenye sufuria. Kibao cha kuku kiwe chake peke yake.

Na mkia wa kazi, ambao wengi wanaukimbia wakishachoka. Maji ya kunyonyolea, damu na utumbo visimwagwe mtaroni ambako bata wa jirani wanakunywa. Nimechimba shimo nyuma ya banda, namwaga humo na kufukia. Kuku aliyeharibika naye anakwenda humo, sigawi kwa mbwa. Deli naosha kwa sabuni na brashi mpaka utelezi uishe, kwa sababu klorini haipiti kwenye mafuta. Nasuuza, ndipo naweka maji ya klorini dakika 10. Kisha nazipindua juani, midomo chini, juu ya matofali mawili ili upepo upite.