Namna ya Kukagua na Kuondoa Kompyuta na Programu Zilizopitwa na Wakati Katika Biashara

Kompyuta iliyonunuliwa miaka kumi iliyopita inaweza kuwaka kila asubuhi, ikatoa risiti na kutunza hesabu, na mwenye biashara akaamini kwamba haina tatizo lolote. Hatari yake haimo katika uzee wa kifaa wala katika kukawia kufungua faili, bali katika siku ambayo mtengenezaji aliacha kuziba mianya ya usalama inayogunduliwa kila mara ndani ya programu zake. Siku hiyo hutangazwa mapema. Windows 7 ilifikia ukomo tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10, pamoja na Office 2016 na Office 2019, tarehe 14 Oktoba 2025.

Anza kwa kujua ulicho nacho. Andika katika daftari kila kompyuta, kila rauta, kila printa iliyounganishwa na mtandao na kila simu inayopokea malipo ya wateja, na mbele yake andika mfumo endeshi, programu ya hesabu inayotumika na toleo lake. Kwenye Windows, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha bonyeza Enter, nawe utaonyeshwa toleo. Rauta isisahaulike, kwa kuwa hukaa juu ya kabati miaka mingi bila kuguswa, ilhali kila kinachoingia ofisini kutoka intaneti hupitia humo.

Kabla ya kugusa chochote, tengeneza nakala rudufu za hesabu zako, angalau mbili, moja ikae nje ya jengo na isiwe imechomekwa kwenye kompyuta. Kisha jaribu kuifungua nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, kwa maana nakala ambayo haijajaribiwa si ya kutegemewa. Ikiwa programu yako ya hesabu ni ya zamani sana, toa pia ripoti zote katika PDF, kwa sababu toleo jipya huenda lisiweze kusoma mafaili ya zamani, na sheria za kodi za Kenya na Tanzania zinakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka mitano.

Hatua inayopuuzwa zaidi ni kusasisha vile vifaa ambavyo bado vinahudumiwa, na hapa inafaa kukumbuka yaliyotokea Uingereza. Tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi iitwayo WannaCry ilifunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 duniani na kudai dola 300 kwa Bitcoin kwa kila mashine. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza iliathirika kiasi kwamba maelfu ya miadi ya wagonjwa ilifutwa. Wengi walilaumu Windows XP, ambayo ukomo wake ulikuwa mwaka 2014, lakini uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya kompyuta zilizoambukizwa katika hospitali hizo zilikuwa za Windows 7, iliyokuwa ingali ikihudumiwa. Kiraka cha kuziba mwanya ule kilikuwa kimetolewa tangu Machi 14, karibu miezi miwili kabla, na hakikuwa kimewekwa. Kwa hiyo, anayezima masasisho ili kuokoa bando la intaneti ameifanya kompyuta yake mpya kuwa sawa na ile chakavu. Tenga siku moja kila mwezi, mtandao ukiwa mwepesi, uyaweke yote.

Kwa mashine iliyokwisha kuachwa, una njia tatu. Ya kwanza ni kuipandisha hadi Windows 11, ikiwa ina chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4 au zaidi na prosesa inayokubaliwa, ambayo kwa Intel ni kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache. Andika tpm.msc mahali pale ulipoandika winver, uone kama chipu hiyo ipo na ni ya toleo gani. Fanya ukaguzi huu pia unaponunua kompyuta ya mtumba, kabla ya kulipa, kwa sababu nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu haziwezi kupandishwa. Njia ya pili ni kulipia masasisho ya ziada ya Windows 10, ambayo kwa biashara yalipangwa kuwa dola 61 kwa kila kifaa katika mwaka wa kwanza na kuongezeka maradufu kila mwaka hadi mwaka wa tatu. Kwa maoni yangu, fedha hiyo inafaa zaidi kuwekwa akiba ya kifaa kipya. Ya tatu ni kuitenga mashine inayoendesha mtambo usio na programu mpya: ing'oe kwenye mtandao kabisa, na kila flashi ikaguliwe kwanza kwenye kompyuta iliyosasishwa.

Usikubali fundi akuwekee programu iliyoibwa inayowashwa kwa ufunguo bandia. Anayeuvunja ufunguo anaweza kuacha ndani yake kitu usichokijua, nawe utakuwa umemkaribisha mwenyewe.

Mwishowe, usiuze wala kugawa kompyuta ya zamani ikiwa na diski yake kama ilivyo. Kufuta mafaili tu hakutoshi, kwa kuwa hurejeshwa kwa urahisi, na majina, namba za simu na madeni ya wateja wako yanalindwa na sheria ya mwaka 2019 nchini Kenya na ya mwaka 2022 nchini Tanzania. Toa diski, uivunjevunje au uihifadhi chini ya kufuli, ndipo kompyuta iliyobaki imfikie mnunuzi.