Salfa ya ruzuku na udongo wa mkorosho

Mikorosho ikikaribia kuchanua, maghala ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, kuanzia Tandahimba na Newala hadi Ruangwa na Nachingwea hujaa mifuko ya salfa, unga wa kupulizia dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua. Mkulima aliyesajiliwa na Bodi ya Korosho hupata mgawo kulingana na mikorosho yake, na kwa misimu ya karibuni amekuwa akiupata bila kulipia. Mpango huu umewanusuru wengi. Anayekumbuka miaka ambayo ubwiriunga ulikausha maua mti mzima yakapukutika kabla ya kufunga tunda, hana haja ya kuelezwa thamani yake.

Ninachotaka tuzungumze ni kile kinachobaki chini ya mti baada ya kupulizia. Unga wa salfa unaoanguka ardhini haupotei. Vijidudu vya udongo huugeuza taratibu kuwa tindikali, na udongo wetu wa kichanga, hasa juu ya safu ya Makonde, hauna nguvu ya kuihimili. Kilo 1 ya salfa ikishageuka yote, huhitaji takribani kilo 3 za chokaa ya kilimo ili kuituliza. Mkorosho wenyewe ni mvumilivu, kwa hiyo hautakuonyesha mapema. Anayelalamika kwanza ni mahindi na karanga unazopanda katikati ya mikorosho: mahindi yanadumaa na kupauka, karanga zinatoa maganda matupu. Wengi hudhani ni mvua au mbegu mbaya. Mihogo nayo hustawi hapohapo, ndiyo maana tatizo linachelewa kugundulika.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kipimo. Mkorosho mkubwa unahitaji gramu 250 kwa awamu moja, awamu 5 kwa msimu, kila baada ya siku 14. Hiyo ni kilo 1 na robo kwa mti. Mfuko wa kilo 25 unatosha mikorosho 20 kwa msimu mzima, na mwenye mikorosho 100 hahitaji zaidi ya mifuko 5. Miti midogo ipunguziwe. Kuongeza kiasi kwa sababu salfa ni ya bure hakuongezi korosho hata moja. Kunaongeza uchachu wa udongo tu.

Wakati una uzito kuliko wingi. Salfa ni kinga, haifufui ua lililokwisha kushambuliwa, kwa hiyo anza maua ya kwanza yanapochomoza. Pulizia alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umetulia, unga ushike kwenye maua. Saa nne asubuhi upepo umeshaamka, na nusu ya unga utakwenda kwa jirani au mchangani. Vaa barakoa na miwani, usivute sigara, na usiongeze petroli injini ya mashine ya kupulizia ikiwa bado ya moto, kwa sababu vumbi la salfa hushika moto.

Zipo pia dawa za maji, ambazo haziachi mzigo wa salfa ardhini. Ugumu wake wanaujua wakulima wa Newala na Tandahimba: dawa ya maji inataka maji, na huko juu maji ni ya kuhangaikia. Ukiwa bondeni au karibu na bomba, zitumie kwa zamu na salfa ukifuata kipimo cha kwenye kopo. Makopo matupu yasuuzwe mara tatu na kutobolewa. Yasigeuzwe kamwe kuwa vyombo vya maji ya kunywa.

Kabla hata ya dawa, kata maotea, yaani machipukizi yaliyo ndani ya kivuli cha mti. Ubwiriunga hujihifadhi humo tangu msimu uliopita ukisubiri maua mapya. Pogolea pia matawi yanayogusana ili jua na hewa vipenye. Shamba jipya lipandwe mita 12 kwa 12, karibu miti 28 kwa ekari, na kwa miche bora inayotokana na utafiti wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Mtwara. Kwa maoni yangu, shilingi ya serikali inayokwenda kwenye miche bora inazaa kwa muda mrefu kuliko inayokwenda kwenye unga.

Kuhusu mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi na korosho changa, naomba msiwaue chungu waitwao maji moto. Chungu hawa wekundu wanaoshona majani kuwa viota huwinda mbu huyo usiku na mchana bila gharama. Wanauma, kweli, lakini korosho tunaokota chini, hatupandi mtini kuchuma. Mti wenye viota vingi, kagua kwanza uone kama kweli unahitaji dawa ya wadudu. Mara nyingi hauhitaji, na dawa hiyo ingewamaliza hao walinzi.

Matawi uliyopogoa yatoshe jikoni, usikate mkorosho mzee kwa ajili ya mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi, na REA, wakala wa serikali wa nishati vijijini, imekuwa ikiuza vijijini mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Ulizeni ofisi ya kijiji. Majivu ya kuni msiyatupe: hupunguza uchachu, yamwageni chini ya mikorosho.

Majivu peke yake hayatoshi shamba zima. Baada ya mavuno chukua udongo wa kina cha sentimita 20, sampuli moja chini ya kivuli cha mkorosho na nyingine katikati ya mistari, usizichanganye, umpelekee afisa ugani apime. Halmashauri zimepewa vifaa vya kupima afya ya udongo, ni haki yako kuviulizia. pH ni kipimo cha uchachu, na kadiri inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi. Ya chini ya kivuli ikishuka chini ya 5.5 huku ya katikati ikiwa juu, salfa imeshafanya kazi yake ardhini. Chokaa mwaga kabla ya mvua za Novemba na Desemba, usiirundike shinani, na changanya juujuu kwa jembe maana mizizi ya kulisha mti iko karibu na uso. Mkutano wa AMCOS unapoorodhesha pembejeo za msimu ujao, chokaa iandikwe kwenye orodha ileile ya salfa.